Kiungo cha Kenchi Juu ya Nguzo

Watu wengi watazamapo ukumbi mkubwa ulioezekwa kwa kenchi ndefu za mbao huinua macho katikati ya paa, wakidhani huko ndiko kwenye hatari. Fundi mwenye ujuzi hutazama pia ncha za kenchi, mahali zinapokaa juu ya nguzo, kwa kuwa uzito wote wa paa hushukia hapo.

Katika ukumbi wa mashindano ya baiskeli wa Ballerup, nchini Denmark, zilijengwa kenchi 12, kila moja ikivuka upana wa mita 72 hivi. Boriti zake zilifanywa kwa mbao zilizobandikwa moja juu ya moja kwa gundi. Mwezi wa Januari 2003 kenchi mbili zilianguka, ingawa hapakuwa na theluji juu ya paa wala upepo mkali. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu iliyo karibu na nguzo ilikuwa na nguvu isiyofika hata theluthi moja ya ile iliyotakiwa.

Sababu yake ni rahisi kufahamika. Nchani mwa kenchi boriti ya juu husukuma kwenda nje, na ile ya chini huvuta kurudi ndani. Ili kuziunganisha, mafundi huchonga mifereji ndani ya mbao, hutia bamba za chuma, kisha hupitisha pini za chuma katika matundu. Kila mfereji na kila tundu hupunguza mbao. Boriti yenye unene wa sentimita 20, ikichongwa mifereji miwili ya sentimita moja moja, hubaki na sentimita 18 tu, na matundu huipunguza tena. Basi nguvu ihesabiwe kwa mbao inayobaki. Huko Ballerup upungufu huo haukuhesabiwa.

Tena yafaa mistari ya kati ya boriti zote ikutane mahali pamoja juu ya nguzo, zisije zikapindwa. Pini nazo zisikaribie ncha ya mbao inayovutwa, isije ikapasuka kufuata nyuzi zake. Kanuni ya Ulaya hudai nafasi isiyopungua unene wa pini mara saba, wala isiwe chini ya milimita 80. Pini ya milimita 12 yataka milimita 84.

Ni vema hesabu hizi zikaguliwe na mhandisi wa pili kabla mbao haijakatwa. Kosa likiwa katika mchoro, fundi hata awe hodari namna gani hawezi kulirekebisha kwa msumeno wake.