Kwa Nini Mihula ya Watunga Sheria Hailingani

Mpiga kura wa kata ya Bweri, Manispaa ya Musoma, aliitwa kituoni mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Tarehe 27 Novemba 2024 ilikuwa zamu ya mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake; tarehe 29 Oktoba 2025 ikafuata ya diwani, mbunge na Rais. Wote hao hupewa miaka mitano, ila saa zao hazikuanza kuhesabu siku moja. Ndivyo ilivyo tangu 1994, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu Muungano.

Watu wengi huliona pengo hilo kama jambo la ratiba tu. Katika nchi zenye mabaraza mawili ya kutunga sheria, pengo la namna hiyo hutiwa makusudi ndani ya katiba, tena baada ya mabishano makali. Wanaoandika katiba hujiuliza mambo mawili: mjumbe akae miaka mingapi, na je, wenzake wote waondoke naye siku hiyohiyo?

Mfano unaotajwa zaidi ni Marekani. Walioandika katiba yake mwaka 1787 walimpa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi miaka miwili na seneta miaka sita. Hofu yao ilikuwa kwamba hasira ya msimu mmoja ingeweza kubadilisha Bunge zima kwa mpigo. Kwa hiyo theluthi moja tu ya maseneta huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Seneti ya kwanza ilianza na tatizo la wazi, maana wote walikuwa wameingia pamoja. Mwezi Mei 1789 waligawanywa makundi matatu, vikaratasi vyenye namba vikawekwa kwenye sanduku na kuchomolewa kama bahati nasibu. Waliopata kundi la kwanza muhula wao ukawa wa miaka miwili tu, wala si sita. Mgawanyo ulipangwa ili maseneta wawili wa jimbo moja wasiangukie kundi moja.

Muhula mfupi una kazi yake, na Mkoa wa Mara, ilipo Musoma, unaijua. Mwaka 2010 wapiga kura wa Musoma Mjini walimwondoa Vedasto Mathayo wa CCM wakamchagua Vincent Nyerere wa CHADEMA. Mwaka 2015 wakamrudisha Mathayo. Mwaka huohuo huko Bunda Mjini, Ester Bulaya wa CHADEMA alimbwaga Stephen Wasira, waziri wa miaka mingi. Mbunge anayejua kwamba miaka mitano hupita upesi huhudhuria misiba, hufuatilia maji na barabara, hupokea simu. Baraza la pili hukusudiwa jambo tofauti: kuitazama sheria ambayo faida au hasara yake itaonekana miaka kumi ijayo, na kuwa na ujasiri wa kusema hapana wakati umati unasema ndiyo. Ndiyo maana Japani mjumbe wa baraza la chini hupewa miaka minne na wa baraza la juu sita, na Ufaransa maseneta walikuwa wakikaa miaka tisa kabla ya mageuzi ya 2003 kuipunguza kuwa sita.

Afrika Mashariki iliwahi kuujaribu utaratibu huo, na kisa chake kinastahili kukumbukwa zaidi kuliko kinavyokumbukwa. Katiba ya uhuru ya Kenya ya 1963 iliunda Seneti yenye wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na Nairobi, chini ya Spika Timothy Chokwe. Wabunge walipewa miaka mitano. Maseneta walipewa sita, theluthi yao wakitakiwa kurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. KADU, chama cha makabila madogo yaliyokiogopa chama kikubwa cha KANU, ndicho kilichopigania ngome hiyo ya majimbo. Vifungu nyeti zaidi vya katiba havikuweza kubadilishwa bila kura za asilimia 90 ya maseneta. Kwa kuwa Seneti isingeweza kuchaguliwa upya yote kwa siku moja, ushindi mmoja wa kishindo usingetosha kuiteka.

Lakini haikuhitaji kutekwa kwa kura. Novemba 1964 KADU ilijivunja na watu wake wakahamia KANU, pamoja na maseneta. Muhula mrefu humlinda mjumbe dhidi ya upepo wa uchaguzi, haumlindi dhidi ya vishawishi vya serikali. Mwishoni mwa 1966 Seneti yenyewe ilikubali kuunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Majimbo ya uchaguzi 117 yakaongezwa 41 na kuwa 158, maseneta wakawa wabunge, na maisha ya Bunge hilo jipya yakasogezwa hadi 1970. Uamuzi wa kujiongezea muda ulifanywa na walewale walionufaika nao. Katiba ya 2010 iliirudisha Seneti, safari hii kwa miaka mitano na uchaguzi wa siku moja na wabunge. Hapo ndipo palipopotea jambo la maana: baraza linalozaliwa na upepo uleule haliwezi kuupunguza.

Rwanda iliwapa maseneta wake miaka minane isiyorudiwa mwaka 2003, wakati wabunge walikuwa na mitano. Mjumbe asiyeweza kuomba tena kiti hana sababu ya kumbembeleza yeyote. Marekebisho ya 2015 yaliishusha kuwa miaka mitano, na ruhusa ya kurudi mara moja.

Nako Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, muda ulioandikwa haukuzuia kitu. Maseneta waliochaguliwa na mabaraza ya mikoa mwanzoni mwa 2007 kwa miaka mitano walikaa hadi 2019, kwa sababu katiba inawaacha vitini mpaka wapya waingie, na mabaraza ya mikoa yaliyopaswa kuwachagua wapya yalichelewa kuchaguliwa.

Uganda ilikuwa na watetezi mahakamani. Desemba 2017, katika muswada uleule ulioondoa ukomo wa umri wa Rais, wabunge walijiongezea muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ilifuta nyongeza hiyo, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu haikuirejesha. Miaka ni ya mpiga kura. Mbunge amekopeshwa tu.

Tanzania haina seneti, hivyo mjadala wake umekuwa juu ya idadi ya vipindi. Tume ya Jaji Joseph Warioba, mtu wa Bunda, ilimkabidhi Rais Kikwete rasimu yake ya pili ya katiba mpya tarehe 30 Desemba 2013. Rasimu hiyo ilitaka mbunge asizidi vipindi vitatu, na wapiga kura waweze kumwondoa kabla muhula haujaisha. Bunge Maalumu la Katiba, ambalo wabunge waliokuwa madarakani walikuwa wajumbe wake, liliviondoa vifungu vyote viwili katika Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Katiba ya 1977 ndiyo inayotumika hadi leo: Ibara ya 65 inalipa kila Bunge maisha ya miaka mitano, na mbunge anaweza kugombea tena na tena bila kikomo.