Sauti Isiyolazimishwa: Bill Withers na Albamu ya Just As I Am

Katika uainishaji wa sauti za waimbaji wa kiume, baritoni ni sauti ya kati, iliyo juu ya besi, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, na chini ya tena, ambayo ni nyembamba zaidi. Kwa kuwa wanaume wengi huzungumza katika kimo hicho hicho, mwimbaji wa baritoni huweza kusikika kana kwamba anazungumza hata pale anapoimba, na sifa hiyo ndiyo inayoibeba albamu ya kwanza ya Mmarekani Bill Withers, Just As I Am, iliyotolewa mwaka 1971 na kampuni ya Sussex.

Albamu hiyo huwekwa katika kundi la soul, yaani muziki wa Wamarekani weusi uliochipuka katika miaka ya 1950 kwa kuunganisha uimbaji wa injili wa makanisani na midundo ya muziki wa starehe wa mijini. Waimbaji wake mashuhuri, kama vile Otis Redding na Wilson Pickett, walirithi kutoka kanisani ile desturi ya mhubiri anayepandisha sauti hatua kwa hatua mpaka waumini washindwe kukaa kitako. Withers alishika njia nyingine: pale ambapo msikilizaji anatarajia ukelele, yeye huitua sauti na kumaliza sentensi yake kwa utulivu. Hakufanya hivyo kwa kukosa uwezo, kwa maana katika wimbo wa Lovely Day wa mwaka 1977 aliishikilia noti moja kwa takriban sekunde 18. Alijizuia kwa makusudi.

Huenda maisha yake yanaeleza sehemu ya tabia hiyo. Alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Slab Fork, West Virginia, akakulia mji wa Beckley, akasumbuliwa na kigugumizi mpaka utu uzima, kisha akatumikia Jeshi la Majini kwa miaka tisa kabla ya kuhamia Los Angeles mwaka 1967. Huko aliajiriwa katika kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege, na hata albamu ilipokuwa tayari hakuharakisha kuacha kazi, kwa kuwa hakuiamini sana biashara ya muziki. Picha ya jalada, ambayo inamwonyesha akiwa kiwandani na kisanduku cha chakula cha mchana mkononi, haikuwa basi pambo la kutafutia wateja. Mtu aliyekaribia miaka 33, ambaye mshahara wake unatoka kwingine, hana haja ya kumlilia msikilizaji ili akubalike.

Mtayarishaji, yaani msimamizi wa kurekodi, alikuwa Booker T. Jones, mpiga kinanda wa bendi ya studio ya Stax huko Memphis, ambaye aliwaita wenzake wa zamani, Donald "Duck" Dunn kwenye gitaa la besi na Al Jackson Jr. kwenye ngoma, huku Stephen Stills akishika gitaa. Hawa ni watu ambao wangeweza kuujaza wimbo wowote kwa ufundi, lakini wakaacha nafasi. Katika Ain't No Sunshine, wimbo wa dakika mbili tu usio na kiitikio, sauti inaingia bila utangulizi wowote, na katikati yake ala nyingi zinanyamaza huku mwimbaji akirudia maneno mawili mara 26. Withers alikusudia kuandika ubeti mahali hapo, lakini wanamuziki walimshauri asiguse kitu, na ushauri wao ulikuwa wa busara, kwa sababu mtu aliyeachwa na mpenzi wake, naye anajua vema kwamba hana la kufanya, hurudia neno lile lile na wala hatungi ubeti mpya. Msikilizaji aliyezoea muziki wa dansi, ambao huanza taratibu na kukolea kwenye chemko, anaweza kuudhania wimbo huo kuwa haujakamilika. Akiusikiliza tena atagundua kuwa hakuna pa kuongeza.

Wimbo huo uliwekwa upande wa pili wa santuri ndogo, nyuma ya Harlem, lakini watangazaji wa redio waliupendelea wenyewe, ukafika nafasi ya 3 katika orodha ya Marekani na kumpatia Withers tuzo ya Grammy. Harlem nao una ustadi wake, kwani huhamishwa ngazi ya juu mara kadhaa unavyoendelea, jambo linalozidisha joto bila mwimbaji kupiga kelele. Grandma's Hands, kuhusu bibi aliyemlea, ndio wimbo bora kuliko zote: hausemi kwamba bibi alipendwa, bali unataja kazi ambazo mikono yake ilifanya. Let It Be ya Beatles, mojawapo ya nyimbo mbili alizoazima, inapendeza bila kuwa na uzito, na albamu isingepungukiwa kitu bila hiyo.

Hope She'll Be Happier ndiyo inayoonyesha baritoni hii ikiwa imebaki karibu peke yake. Mnamo Septemba 1974 Withers aliupiga wimbo huo kwa gitaa kavu mjini Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa kuambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, jukwaa ambalo James Brown alilishambulia kwa bendi nzima na jasho jingi. Filamu ya Soul Power ya mwaka 2008 imelihifadhi onyesho hilo, na kutoka humo mtu anaweza kupima mwenyewe kama uwanja mkubwa unahitaji sauti kubwa.

Withers aliacha kurekodi albamu baada ya mwaka 1985, akafariki mwaka 2020. Ain't No Sunshine umerudiwa na waimbaji wengi, akiwemo Michael Jackson, ambaye mwaka 1972 aliutanguliza kwa maneno ya kuzungumza, yaani utangulizi ule ule ambao Withers hakuuona kuwa na kazi.