Namna ya Kuomba Kivuko Salama cha Waenda kwa Miguu

Wakazi wengi wa Dar es Salaam waishio kando ya barabara kubwa huvuka kila siku kwenda shuleni, sokoni au kituoni mahali pasipo na alama yoyote. Mtoto anapogongwa, mara nyingine hasira huishia kwenye mawe na magogo yanayopangwa barabarani. Kuziba barabara bila idhini ni kosa kisheria, na gogo lisiloonekana usiku laweza kumuua mwendesha pikipiki asiye na hatia. Ombi la maandishi huenda polepole zaidi, lakini ndiyo njia ya kupata kivuko cha kudumu.

Kwanza, mjue msimamizi wa barabara. Barabara kuu na za mikoa, kama vile ya Morogoro na ya Mandela, husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya na za mitaa zipo chini ya TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017. Usipokuwa na hakika, muulize Afisa Mtendaji wa Kata kabla ya kuandika, kwa kuwa barua iliyofika ofisi isiyohusika yaweza kukaa humo muda mrefu. Mamlaka ya udhibiti wa usafiri hushughulikia leseni, nauli na huduma za mabasi, haijengi vivuko.

Pili, fikirieni vyema mnachoomba. Michirizi myeupe peke yake haitoshi kwenye barabara pana yenye magari ya kasi. Chukua mfano wa barabara ya njia nne, kila njia ikiwa na upana wa mita 3.5. Mtu mzima atembeaye mita 1.2 kwa sekunde huhitaji sekunde 12 hivi kuimaliza. Katika muda huo gari la kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kasi katika maeneo ya makazi, husafiri takriban mita 167. Je, mvukaji anaona umbali huo, au kuna kona, mlima au daladala zilizoegeshwa? Kikijengwa kisiwa katikati, atavuka mita saba kwa mara moja, huku akitazama magari ya upande mmoja tu. Mtoto na mzee huenda polepole zaidi, nao ndio wapimaji wazuri wa kivuko.

Hatari nyingine husahaulika. Gari la njia ya kwanza husimama kwa adabu, kisha likamficha mvukaji asionwe na dereva wa njia ya pili. Kwa sababu hiyo, waombeni wahandisi wapime pia haja ya tuta, kivuko kilichoinuliwa au taa za kuongozea magari. Daraja la juu nalo hufaa, ila likijengwa mbali na mahali watu wanapovukia, wengi hawatalipanda; na lenye ngazi tupu halimfai mtu wa kiti cha magurudumu.

Barua yenu itaje mahali hasa: jina la barabara, mtaa, shule au kituo kilicho karibu. Hesabuni wavukaji kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, mkitenga idadi ya wanafunzi. Ambatisheni picha na muhtasari wa mkutano wa mtaa uliolijadili jambo hilo, pamoja na sahihi za wakazi. Barua ipitie kwa Mwenyekiti wa Mtaa na Afisa Mtendaji wa Kata, na nakala apewe Diwani pamoja na Polisi wa Usalama Barabarani. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, kufuatilia ni kubishana tu.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, nayo mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Ulizeni kwa maandishi kama kivuko chenu kimo katika mpango ujao, na kama hakimo, mpewe sababu. Wakati mkisubiri, ombeni polisi wa usalama barabarani wasimamie uvukaji saa za wanafunzi kwenda na kurudi shuleni.