Kisu cha Kwenda Uluguru

Hadithi ya leo ina kisu ndani yake, lakini msitegemee damu. Inamhusu binti wa kidato cha pili aliyekuwa akiishi na babu yake Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Shule yao iliandaa safari ya milima ya Uluguru: treni ya SGR hadi Morogoro, usiku mmoja kwenye mahema, na kupanda hadi Morningside, ile nyumba kongwe waliyoiacha Wajerumani mlimani. Mwalimu aliwagawa wanafunzi watano watano, kila kundi likapewa orodha ya vitu. Binti yetu akakabidhiwa mstari wa mwisho: kifaa kimoja cha kukatia, chepesi, kisichotuletea matata njiani.

Binti aliposoma "kifaa cha kukatia" akaona panga. Msituni si kuna miti?

Babu yake aliwahi kuwa fundi vyuma Gerezani, akikata springi za malori makuukuu na kuzigeuza tindo, patasi na visu, mpaka macho yakamchoka. Aliisoma orodha, akavua miwani, akasema, "Twende sokoni, mjukuu wangu. Ila panga hatununui."

"Kwa nini, babu?"

"Utaona njiani."

Walipotokea Msimbazi, babu alisimama kando ya baiskeli ya muuza madafu. Mnaijua kazi yake: anashika dafu kwa mkono wa kushoto, analizungusha, panga linashuka mara tatu nne, kifuniko kinaruka, mteja anakunywa. Watu walikuwa wakipita pembeni yake, wengine wakimgusa bega, na hakuna aliyelitazama lile panga.

"Shikamoo, mzee wangu. La maji au la nyama?"

"Marahaba. La maji." Babu alikunywa, akafuta ndevu, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Huyu kijana ana panga refu kuliko mkono wako, na liko nje mchana kweupe. Umeogopa?"

"Hapana."

"Sasa mwondolee madafu na baiskeli. Mwache na panga lake, saa tatu usiku, kituo cha mwendokasi, watu wamejazana wanasubiri basi."

Binti alicheka, halafu akaacha kucheka.

Sheria nayo hufikiri hivyo hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu mkosaji mtu anayetembea hadharani na silaha, bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Panga ni lile lile na mtu ni yule yule, ila madafu hayapo, na madafu ndiyo yaliyokuwa yakimsemea. Ndiyo maana nawaambia, mkitaka kuchagua kifaa cha kukatia cha kubeba safarini, msianze na urefu wala ukali. Anzeni kwa kujiuliza: nikiulizwa hiki cha nini, nitaonyesha nini?

Nchi nyingine zina rula kabisa. Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unaweza kutembea nacho bila kutoa sababu. Kikizidi hapo, uwe na sababu nzuri. Japani wanahesabu sentimita 6. Huku kwetu, Sheria ya Hifadhi za Taifa inatazama zaidi kazi ya kisu. Wapo watu waliofikishwa mahakamani kwa kukutwa ndani ya Serengeti na panga moja, kisu kimoja na nyaya za kutegea wanyama, na hati za mashtaka za kesi kama hizo hurudia jambo moja: mshtakiwa alishindwa kumridhisha ofisa kwamba vitu vile havikuwa vya kuwinda, kuua, kujeruhi au kukamata wanyama. Yaani ndani ya hifadhi ya taifa mzigo wa kueleza ni wako wewe uliyekibeba.

Uluguru si hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, sawasawa na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ule wa karibu na Dar. Huko inatawala Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kukata mti bila kibali ni kosa. Binti alipoelezwa hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililomfurahisha sana babu yake: "Sasa kama miti haikatwi, panga tungefanyia nini?"

Hasa. Hata kuni zenyewe si za kuokota ovyo. Kilimanjaro wageni hawaruhusiwi kuwasha moto wa kuni, na Oktoba 2020 nchi nzima iliona kwenye taarifa za habari jinsi moto ulivyoteketeza uoto wa mlima ule kwa siku kadhaa. Mpishi wa leo hubeba jiko dogo la gesi. Ukishakuwa na jiko, kazi za kukata zinazobaki kambini ni ndogo ndogo: kamba ya hema, pakiti ya mchele, nyanya, kitunguu, embe, plasta ya mtu aliyechubuka kisigino. Hakuna hata moja inayotaka mkono kuinuliwa juu ya kichwa.

Basi wakaingia kwenye maduka ya vyuma upande wa Gerezani. Lile soko kubwa lenye paa la miavuli ya zege, alilolibuni Beda Amuli, wakaliacha nyuma yao.

Muuzaji wa kwanza aliwatolea panga hata hivyo, maana muuzaji ni muuzaji. Babu aligonga bapa lake kwa ukucha, akasikiliza, akakumbuka mapanga na majembe ya kiwanda cha Ubungo, cha zana za kilimo, akasema maneno fulani ya kusifu ambayo sitayarudia kwa sababu yalikuwa marefu. Kisha akalirudisha.

"Hili lina nusu kilo na zaidi," akamwambia mjukuu wake. "Nusu kilo ni nusu lita ya maji. Ukiwa kwenye mwinuko, jua la saa sita, utataka nini begani?"

Muuzaji hakukata tamaa. Akaweka mezani kisu cha kukunja, cheusi tii, chenye meno mgongoni, dira kwenye mpini na tochi kwenye kitako, kimeandikwa jina la jeshi fulani. Macho ya binti yaling'aa. Nakiri hata yangu yangeng'aa. Lakini tazameni vizuri visu vya namna hii. Yale meno ya mgongoni hayakati mbao wala kamba, yanakwaruza tu. Dira imekaa karibu na chuma, kwa hiyo inaweza kukuonyesha kaskazini ya uongo. Na rangi nyeusi ya kikomando ndiyo inayomfanya mkaguzi aite mwenzake aje naye atazame. Kisu kinachojitangaza kuwa ni cha vita, utakiombeaje msamaha kwa kitunguu?

"Hiki ni stenlesi mzee wangu, orijino," muuzaji akasema, akatoa sumaku mfukoni. "Ona, hainati vizuri."

Babu akaichukua ile sumaku, akaigusisha kwenye makali. Ikanata tap! Hapo babu akamtetea muuzaji dhidi ya sumaku yake mwenyewe. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu, walau sehemu 10 na nusu kwa kila 100. Kile cha vijiko na sufuria nyingi hakivutwi na sumaku, lakini cha visu huvutwa, kwa sababu kimetengenezwa kwa namna inayokiwezesha kuwa kigumu na kushika makali. Kwa hiyo sumaku haimwambii mtu lolote kuhusu ubora wa kisu. Afadhali ufungue kisu, ushike ncha kwa uangalifu, ujaribu kukitikisa kushoto na kulia: kikicheza kwenye pini leo dukani, mwezi ujao kitakukunjikia vidole.

Kuhusu kutu, babu ana mapenzi yake. Yeye hupenda chuma cha kaboni, kile kinachoshika kutu, kwa sababu hunoleka haraka na huwa kikali mno. Lakini huko ni kwa mtu anayekipaka mafuta kila jioni. Sisi tunaishi Dar, upepo wa bahari unakula hadi mabati. Kwa kijana atakayesahau kisu kwenye begi lenye soksi mbichi, stenlesi ni bora, basi.

Wakaonyeshwa kile kidogo chekundu chenye mkasi na kibanio ndani yake. Kampuni ya Victorinox ilianzia Uswisi mwaka 1884, na kisu chake kidogo cha namna hii kina urefu wa milimita 58 na uzito wa gramu 21. Kizuri sana kikiwa cha kweli. Kariakoo msishangae kukuta msalaba wa Uswisi kwenye kisu ambacho hakijawahi kuiona Uswisi. Wafaransa wa milima ya Savoie nao wana Opinel ya mpini wa mti, kazi ya Joseph Opinel tangu mwaka 1890; pete ya kufungia makali ilikuja baadaye. Namba 8 ina makali ya sentimita 8 na nusu na haifiki gramu 50. Nawatajia hivi ili muone jambo: watu hawa wa milimani, waliokulia kwenye miinuko, hawakubuni mapanga. Walibuni kitu cha kukatia mkate na jibini.

Na sisi cha kukatia nyanya tunacho. Babu alitoka mle dukani, akavuka barabara hadi kwa mama mmoja aliyepanga vyombo vya jikoni chini juu ya turubai, akaokota kisu cha kumenyea: mpini wa plastiki wa njano, makali mafupi kuliko kiganja, upande mmoja tu una makali, ncha yake haitishi mtu.

"Habari za leo, mama. Hiki bei gani?"

"Nzuri, mzee wangu. Elfu mbili."

"Malizia mia tano."

"Mia nane, na usiniongezee neno."

Binti alinuna waziwazi. Kisu cha jikoni! Wenzake wangesemaje? Babu hakubishana naye. Akampeleka kwa muuza viungo mwenye mizani ya kidijitali, wakaomba kupima. Gramu 31. Muuza viungo akauliza kama wanataka na hiliki.

Jioni ile babu alichukua kipande cha bomba la mpira la kumwagilia maua, akakipasua, akakikata kufuata urefu wa makali, akatoboa matundu mawili na kupitisha uzi. Ala ikawa tayari. Rangi ya njano ya mpini akaisifu: kikianguka kwenye majani makavu kitaonekana, wakati kile cheusi kingebaki Uluguru milele. Kisha akageuza kikombe cha udongo, akamwonyesha ule mzingo wa chini usiong'aa, ambao ukikosa kinoo hunolea kisu vizuri kabisa: unalaza makali, unayainua kidogo, kama nyuzi 20, unasukuma kana kwamba unataka kukikwangua kikombe, upande huu mara kadhaa, kisha upande ule.

Akamfundisha na adabu zake. Unakata ukisukuma makali mbali na mwili. Unakata umekaa, na mwenzako awe mbali zaidi ya urefu wa mkono wako. Ukimpa mtu kisu, mpini unatangulia, na huuachii mpaka aseme ameshika. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu kinakulazimisha kutumia nguvu na kinateleza. Kuna methali isemayo mtoto akililia wembe mpe. Mimi naiona methali ya watu wavivu. Akiulilia, keti naye umfundishe.

Asubuhi ya safari kisu hakikuwa mfukoni mwa binti wala hakikupita darasani. Mwalimu alivikusanya vya makundi yote, akavifunga kwenye boksi moja pamoja na vijiko na mbao za kukatia, na stesheni akawaambia wakaguzi kabla mashine ya kukagulia mizigo haijawaambia. Wangekwenda kwa ndege, boksi hilo lingepelekwa kwenye mizigo ya chini, kwa maana kisu hakiingii na abiria hata kiwe cha kumenyea.

Getini mlimani, askari wa misitu alifungua boksi.

"Hivi vya nini?"

Binti akajibu kabla ya wenzake. "Shikamoo, afande. Nyanya, vitunguu na kamba za mahema." Akafungua na mfuko wa nyanya.

"Marahaba. Panga mnalo?"

"Hatuna."

"Kuni mtatoa wapi?"

"Tumekodi jiko la gesi mjini."

Afande akalifunga boksi, akawaonyesha uwanja wa kupiga mahema.

Kisu cha njano kilifanya kazi siku mbili. Kilikata kamba iliyokwama, kikamenya maembe, kikakata plasta mara tatu, zote za mvulana mmoja. Asubuhi ya mwisho mwalimu alikiomba achongee mswaki wa mti. Binti alikitoa, mpini mbele, lakini hakuuachia.

"Samahani, mwalimu. Hicho kijiti umekikata wapi?"

Mwalimu akatoa mfukoni kifungu kizima cha miswaki, kimefungwa kwa raba. Alikinunua Kariakoo.