Jina moja, wakulima wawili: Kasoro inayopotosha malipo ya maziwa

Chama cha ushirika kinapowatambua wakulima kwa majina pekee, malipo ya Wanjiku mmoja huweza kuishia kwa mwingine. Kompyuta haina macho ya karani aliyewazoea.

Hifadhidata safi humpa kila mwanachama nambari yake, isiyobadilika wala kurithiwa. Nambari ya simu haifai, kwani laini iliyoachwa huweza kuuzwa upya.

Msingi wa mpangilio huu uliwekwa mwaka 1970 na Edgar Codd wa kampuni ya IBM. Maelezo ya mkulima hukaa katika jedwali moja, kilo za maziwa katika jingine, na nambari hiyo ndiyo huyaunganisha. Mkulima akibadilisha benki, karani hurekebisha mahali pamoja tu, nayo malipo yote yajayo hufuata akaunti mpya.