Kioo Kisubiri, Wavu Usisubiri

Juma hili naingia majumbani mwenu, na naanzia dirishani. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akiniuliza dirisha lisafishwe kila baada ya muda gani, mimi humrudishia swali: kioo au wavu? Kwa mazoea yetu kioo ndicho kinachosuguliwa, hasa Idi au Krismasi ikikaribia, kwa kuwa ndicho mgeni anachokiona. Wavu wa mbu huachwa mpaka ukageuka rangi.

Tuanze na kioo, ambacho hakina haraka. Pwani hapakosi upepo: kaskazi tangu Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu. Upepo wa baharini hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu, hivyo vumbi likitua juu yake hunata. Aliye jirani na ufuo aoshe kioo kila mwezi. Aliye mbali na bahari na barabara ya vumbi, miezi mitatu inamtosha. Masika yakianza, ngoja mvua ziishe. Mwagia maji kwanza, maana kupangusa mchanga mkavu ni kukikwaruza kioo. Usioshe jua likiwa kali: maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, yakikaukia kiooni huacha madoa meupe ambayo yakizoea hayatoki tena. Yakiwa bado mapya, siki kidogo huyaondoa. Kukaushia, gazeti la jana linafaa sana.

Sasa wavu. Hata ukiwa mpya hupunguza upepo. Ongeza vumbi, moshi wa jikoni na utando wa buibui, chumba kinakuwa tanuri. Usiku wa Februari mwenye nyumba hufanyaje? Huufungua, au huukata pembeni, eti tupate hewa. Na mbu waenezao malaria huuma usiku.

Huko Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, na mianya ya paa ikazibwa, na nyumba zilizoachwa kama zilivyo. Katika hizi za pili mtego wa usiku mmoja ulinasa wastani wa mbu 37 hivi. Katika zenye wavu, 15. Watoto waliopungukiwa damu walikuwa 30 kwa kila 100 katika nyumba zisizo na wavu, na 19 katika zile zenye wavu. Lakini wavu uliofunguliwa kwa sababu ya joto haumkingi mtoto yeyote.

Kwa hiyo wakati wa kiangazi wavu upigwe brashi laini kila baada ya majuma mawili, na kila mwezi uoshwe kwa maji ya sabuni, kisha usuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa ule wa waya, kwani chumvi huuletea kutu. Ukiona tundu, lishone siku hiyo hiyo. Uzi na sindano vinatosha. Fundi wa nini?

Kuna jambo moja linaloniudhi. Katika maghorofa yetu nawaona akina dada wa kazi wamesimama nje ya dirisha, ghorofa ya tatu, mkono mmoja umeshika fremu na mwingine kitambaa. Kioo kisichofikiwa kutoka ndani kwa brashi ya mpini mrefu kibaki na vumbi lake.