Miginko ya Tokyo: manjano ya kutazama, mbegu za kuogopa

Mwishoni mwa Novemba watu humiminika kwenye barabara fupi ya Meiji Jingu Gaien, katikati ya Tokyo, kutazama majani tu. Barabara yenyewe ina urefu wa mita 300 hivi. Miti ni 146, imepangwa mistari minne, na yote ni ya aina moja: mginko. Ilipandwa mwaka 1923, na waliopanda walikuwa wajanja: mirefu waliiweka upande wa barabara kuu ya Aoyama, kisha wakashuka kuelekea mifupi, ili jicho lidanganyike kwamba njia ni ndefu kuliko ilivyo. Wakati wa mapukutiko pande zote mbili huwa manjano matupu, juu kwenye matawi na chini kwenye lami.

Manjano hayo hayatengenezwi msimu huo. Yamo ndani ya jani tangu miezi ya joto, ila hufunikwa na klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua ili mti ujipatie chakula. Siku zinapofupika na usiku kuanza kuwa wa baridi, mti huivunjavunja klorofili na kurudisha naitrojeni na fosforasi matawini, kwa sababu virutubisho hivyo ni vya thamani mno kuviacha vioze barabarani. Zinazobaki ni karotenoidi, jamii ya rangi zinazokipa kiini cha yai unjano wake. Kisha kwenye kikonyo hujijenga tabaka la seli linalokata mawasiliano na tawi, na jani huanguka.

Msomaji wa Mombasa au Tanga atauliza: mbona majani ya mkungu huwa mekundu kabla ya kupukutika? Mkungu huongeza rangi mpya, anthosianini, dakika za mwisho. Mginko hauna desturi hiyo, ndiyo maana unjano wake hauna doa.

Jiji nalo lina mkono wake katika mambo haya. Lami, majengo na viyoyozi vimechangia kuupandisha wastani wa joto la Tokyo kwa takriban nyuzi 3 katika miaka 100, kasi inayozidi sana ile ya dunia kwa jumla. Idara ya hali ya hewa ya Japani huandika kila mwaka siku ambayo mginko maalumu wa uchunguzi umekwisha kugeuka manjano, na kwa miongo kadhaa siku hiyo imekuwa ikisogea mbele. Mwaka 2021 idara hiyo ilipopunguza orodha ya mimea inayoifuatilia, mginko ulibakizwa. Na ukitazama vizuri usiku, utakuta tawi lililo karibu na taa ya barabarani bado lina kijani ilhali wenzake wamekwisha geuka: mwanga wa taa hulihadaa jani lidhani siku bado ni ndefu.

Je, kuutazama mti kunamsaidia mtu kiafya? Utafiti unaotajwa sana ni wa Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984. Alipitia kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wa upande wa miti walitoka hospitalini mapema kidogo, chini ya siku moja kwa wastani, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ni watu wachache na hospitali moja, kwa hiyo tusiugeuze kuwa msahafu. Tena Ulrich alichukua wagonjwa wa kati ya Mei 1 na Oktoba 20 pekee, miezi ambayo miti ina majani. Msimu wa manjano, kwa sehemu kubwa, aliuacha nje. Kwa maoni yangu faida iliyo wazi zaidi ni ya kawaida kabisa: miti hii huwatoa watu ndani wakati baridi inawashawishi wakae, na huwatembeza.

Sasa tushuke chini ya mti. Mginko una dume na jike kama mpapai, na jike huangusha matunda ambayo nyama yake ina asidi ya butiriki. Ukikanyaga, hunuka kama samli iliyochacha. Huko Seoul, wakuu wa jiji wamekuwa wakiing'oa miti jike kando ya barabara na kupanda miti dume, baada ya malalamiko ya wapita njia. Nyama hiyo pia huwasha ngozi, na wanaobangua korosho kwa mkono kule Mtwara wataelewa haraka: kemikali yake ni ndugu wa karibu wa ile iliyo kwenye mafuta ya ganda la korosho. Ndiyo maana waokotaji wazoefu huvaa glavu.

Mbegu iliyo ndani huliwa Japani, ikikaangwa au kutiwa kwenye mayai ya mvuke, lakini chache tu. Ina sumu inayozuia kazi ya vitamini B6 mwilini, na kuipika hakuiondoi. Mtu akila nyingi, hasa mtoto mdogo, anaweza kutapika na kupata degedege. Miaka ya njaa Japani, zilipoliwa kwa wingi, wapo waliokufa. Tiba ni B6 yenyewe. Wagonjwa wa kifua kikuu kwetu huijua B6 kwa njia nyingine: hupewa kidonge chake pamoja na isoniazidi, kwa kuwa dawa hiyo nayo huivuruga vitamini hiyo na kuleta ganzi miguuni.

Vidonge vya majani ya mginko vinavyouzwa kwa ajili ya kumbukumbu ni habari nyingine. Vilijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha havikuzuia ugonjwa wa kusahau. Anayetumia warfarini au aspirini amweleze daktari kabla ya kuvimeza, kwani kuna hofu kwamba huongeza uwezekano wa kuvuja damu.